Ruhusa ya kuingia kwangu mwenyewe

Jamani, leo siongelei bichi wala machweo. Leo ni seva. Kama hujawahi kuseti seva, mshukuru Mungu, lakini usiondoke, maana hata wewe inakugusa.

Kwa wasiojua: kila tovuti unayofungua imekaa ndani ya kompyuta fulani mahali fulani, na mlangoni kuna programu inayokaa kama soja wa geti. Unagonga, anauliza umekuja kutaka nini, anakuletea ukurasa. Masoja wanaojulikana sana ni Apache, wa tangu 1995, na Nginx, aliyeandikwa na Mrusi Igor Sysoev akatolewa 2004. Mimi natumia Nginx kwa sababu hali memori nyingi na seva ya bei ya chini inamtosha. Ila ana kisirani. Nukta mkato moja ikikosekana, anagoma kuwaka. Na akikwambia kosa liko mstari wa 15, anza kuangalia wa 14.

Kwa nini najitesa? Shangazi yangu ana vyumba vitatu vya wageni hapa Galu. Wageni wengi wanampata kupitia kampuni za nje za mtandaoni, na kila mgeni akilala, wao wanakata chao kwanza. Kaskazi ikivuma na wacheza kaiti wakifika, vyumba vinajaa, na hiyo ndiyo pesa ya mwaka mzima, karo ikiwemo. Kwa hiyo tukasema tuwe na tovuti yetu, mgeni apige simu kwa Shangazi moja kwa moja. Lazima iwe tayari kabla ya Desemba.

Basi nikafuata maelezo niliyoyapata mtandaoni, hatua kwa hatua, neno kwa neno. Nikafungua. 403. Yaani huna ruhusa. Seva nalipia mimi, faili nimeziweka mimi, halafu ruhusa sina! Usiku wa kwanza ukaisha. Usiku wa pili stima ikapotea saa nne, ruta ikazima, na kazi niliyokuwa katikati yake ikakatika nayo. (Jifunzeni tmux, wasee. Ukikatikiwa na mtandao, kazi inaendelea kule kwenye seva inakungoja.) Asubuhi Shangazi ananiuliza, "Mwanangu, hiyo tovuti imeamka?" Namwambia bado, Shangazi, imekataa kunifungulia mlango. Akacheka, akaenda kupika mahamri.

Jibu nililipata usiku wa tatu. Tangu Ubuntu 21.04, ile ya mwaka 2021, folda ya nyumbani ya kila mtumiaji mpya inafungwa, wengine hawachungulii. Nginx anafanya kazi kama mtumiaji mwingine, kwa hiyo hata kizingiti havuki. Yale maelezo yaliandikwa zamani, mlango ukiwa wazi, na hakuna aliyerudi kuyarekebisha. Nikahamisha faili kwenda /var/www, dakika tano, kwisha. Kinachonichoma si 403 yenyewe, maana kufunga folda ni jambo la busara. Kinachonichoma ni wale wajuaji ambao ukiuliza wanakujibu "soma mwongozo" tu. Na programu yenyewe inaitwa Ubuntu, neno ambalo sisi huku tunaliita utu!

Kuna mtu ataniuliza, kwa nini usiweke seva hapo nyumbani? Stima umeshaisikia. Pia kampuni inayotuuzia intaneti inatupa anwani moja ya kugawana na watu wengi, kwa hiyo mtu wa nje hana njia ya kubisha kwangu. Niliwapigia. Wakaniambia nizime ruta niiwashe. Seva za Nairobi nilizoulizia bei zilinishinda, nikaangukia Frankfurt. Sasa fikiria: mgeni amelala chumbani kwa Shangazi, anafungua tovuti ya Shangazi, na ombi lake linapita chini ya bahari mpaka Ujerumani ndipo lirudi hatua kumi kutoka jikoni. Mnakumbuka 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika kule upande wa Afrika Kusini? Kenya nzima intaneti ikatambaa. Uvuvi wetu uko hapa, nyavu ziko kwa jirani.

Kitu cha mwisho, na hiki nakichukulia kwa uzito kuliko vyote: cheti cha usalama. Let's Encrypt wanatoa bure, siku 90, halafu lazima kifanywe upya. Certbot anafanya mwenyewe, mpaka siku atakaposhindwa kimyakimya. Na tangu Juni 2025 wameacha kutuma barua pepe za kukumbusha. Cheti kikiisha, mgeni aliyeko Uingereza anaona onyo kubwa kwamba tovuti si salama. Yeye hawazi mambo ya cheti. Anawaza matapeli wa pwani, anafunga, anarudi kwa wale wakata komisheni. Jina la Shangazi limechafuka na hata hajui. Mimi nimeweka kengele kwenye simu kila mwezi, niangalie kwa macho yangu.

Tovuti iko hewani sasa. Mgeni mmoja ameshapiga simu, wa siku nne mwezi wa Januari. Shangazi anataka picha ya mbega wanaokaa kwenye mwembe iwekwe juu kabisa, kabla ya vyumba.

Kama uko Ukunda au Msambweni na umekwama kwenye 403, niandikie. Niambie tu kwanza faili zako umeziweka folda gani.