Asali ya Songwe na Mgonjwa wa Saratani

Afikaye Tunduma, mpakani na Zambia, hulakiwa na msururu wa malori. Lakini nje ya vumbi la mji, mkoani Songwe, misitu ya miombo huwapa nyuki maua, nao nyuki huwapa watu asali na nta.

Asali hiyo ina kazi nyumbani kwa mgonjwa wa saratani. Dawa kali na mionzi huweza kutia vidonda kinywani, chakula kikashindikana. Uchunguzi wa nchi kadhaa umeonyesha kuwa asali yaweza kupunguza vidonda hivyo. Na kijiko chake katika uji huongeza nguvu. Hata hivyo, sehemu yake kubwa ni sukari, wala haiponyi saratani. Mwenye kisukari ajihadhari. Na ambaye dawa zimempunguzia chembe nyeupe za damu amwulize daktari kwanza, maana asali mbichi yaweza kuwa na vijidudu.

Toka Tunduma hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 900. Umbali huo ndio kishawishi: chupa ya asali i karibu, hospitali i mbali. Basi chupa na isafiri pamoja na mgonjwa, isimzuie kusafiri.