Ufunguo wa Milango Mingi

Watu wa mitaani wana jina la dharau kwa ufunguo uwezao kufungua milango mingi: huuita ufunguo malaya. Jina hilo ni kali, walakini halikuzuka bure. Chombo kisichokuwa na mlango mmoja wa kukaa nao hakiaminiki, na lugha imeliona jambo hilo mapema kuliko wenye majumba. Wenye majumba, kwa upande wao, husema ufunguo mkuu, na papo hapo dharau hugeuka kuwa cheo. Ajabu nyingine ya Kiswahili ni kwamba chombo chenyewe hakikuitwa kwa kazi ya kufunga bali kwa kazi ya kufungua, ijapokuwa mnunuzi wake aghalabu huwa na hofu ya wezi moyoni kuliko hamu ya kuingia.

Nyakatuntu ni kata ya Wilaya ya Kyerwa, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Karagwe. Ni nchi ya migomba na kahawa, na fedha ya kahawa huja kwa msimu. Katika nchi kama hiyo mtu aliyejaliwa akiba hupenda kuiweka katika jengo la biashara. Na ichukuliwe mathalani nyumba ya ghorofa moja kando ya barabara: chini fremu nane za maduka na stoo ya kahawa, juu ofisi sita na chumba cha wakala wa fedha, kisha lango, mlango wa ngazi, choo, na kijichumba cha mfagizi. Jumla ni milango 20. Mwenye jengo hutembea na shada la funguo lililofungwa nyuzi za rangi, na usiku wa mvua, taa zikiwa zimezimika, rangi zote huwa moja. Hapo ndipo wazo la ufunguo mkuu humjia kama faraja.

Kitasa kinachowezesha jambo hilo kilipewa hataza Marekani mwaka 1861 kwa jina la Linus Yale mwana, aliyeiendeleza kazi ya baba yake. Novemba ya mwaka huo huo Speke na Grant walipokewa na Mtemi Rumanyika wa Karagwe kule Bweranyange, mahali ambapo ufundi wa chuma ulikuwa sehemu ya heshima ya ufalme. Mambo haya mawili hayakujuana. Yanatajwa pamoja kwa sababu tu msomaji asidhani kwamba habari za chuma ni ngeni katika nchi hiyo.

Ndani ya kitasa mna kiini kinachozunguka. Vitundu, mara nyingi vitano, hupita kutoka katika mwili wa kitasa hadi katika kiini, na katika kila kitundu mna kijiti cha shaba kilichokatwa vipande viwili na kusukumwa chini na springi. Meno ya ufunguo huviinua vijiti. Mikato yote ikilingana na ukingo wa kiini, kiini huzunguka. Ili ufunguo wa pili nao ukubaliwe, fundi huongeza kipande chembamba katikati, na kila kijiti hupata mikato miwili: mmoja kwa ufunguo wa mpangaji, mmoja kwa ufunguo mkuu. Lakini kitasa hakijui nia ya fundi. Mikato miwili katika vitundu vitano huzaa michanganyiko 32. Miwili ndiyo iliyotakiwa. 30 imeingia bila kualikwa.

Kwa hiyo mpango huanza katika karatasi, siyo dukani. Fundi akijichagulia meno ovyo, mmoja katika wale wageni 30 waweza kuwa ndio ufunguo wa jirani, na muuza nguo akajikuta anaweza kuingia kwa muuza dawa. Mwenye kupanga vyema hukadiria hivi: kitasa chenye vimo 10 hakitumii tofauti ya kimo kimoja, kwa kuwa kipande hicho kingekuwa chembamba mno na kukwama, huruka viwili viwili. Vimo vinavyobaki katika kila kitundu ni vitano, kimoja akatwaliwa nacho ufunguo mkuu, vinne vikaachiwa wapangaji. Vinne vikizidishwa mara tano ya kujizidisha huwa funguo 1,024, na hakuna hata mmoja wa kumfungulia mwenzake. Vitundu viwili vikitengwa kuwa alama ya tawi, hupatikana matawi 16 yenye funguo 64 kila moja: tawi la maduka, tawi la ofisi, tawi la huduma. Ufunguo wa tawi, ambao msimamizi wa maduka angeubeba, ni mmoja katika wale 30 waliokuja bila kualikwa, sasa amepewa kazi.

Hesabu hiyo ni nyepesi. Uzito uko kwa watu. Mpangaji amelipa kodi, na chumba ni chake hadi mkataba uishe. Siku bidhaa zitakapopotea na mlango usiwe umevunjwa, macho ya senta nzima yatamgeukia mwenye ufunguo mkuu, awe ana hatia au hana. Mfagizi maskini aliyekabidhiwa ufunguo wa tawi kwa kurahisishiwa kazi atakuwa wa kwanza kuitwa kituoni. Ni dhuluma kumpa mtu uwezo ambao kazi yake haiuhitaji, kisha kumhukumu kwa kuwa nao. Mkataba, basi, useme wazi nani aingie, kwa sababu gani, na kwa taarifa ya siku ngapi.

Tena ufunguo mkuu una udhaifu wa umbile. Mwaka 2003 Matt Blaze, mtafiti wa Marekani, alichapisha maelezo kwamba mwenye ufunguo halali wa mlango mmoja anaweza kuukisia ufunguo mkuu, kwa kuwa vitundu huweza kujaribiwa kimoja kimoja, na majaribio hujumlika badala ya kuzidishana. Mafundi wengi walikuwa wakiijua siri hiyo na hawakufurahi kuiona gazetini.

Stoo ya kahawa na chumba cha fedha, kwa hiyo, visiingizwe katika mpango huu hata kidogo. Mfano bora wa kuvilinda uko tayari vijijini. Vikundi vya kuweka na kukopa, vya namna iliyoanzishwa na CARE nchini Niger mwaka 1991, huhifadhi fedha katika sanduku la kufuli tatu, na funguo hukaa kwa wanachama watatu mbalimbali. Huko ni kinyume kabisa cha ufunguo mkuu: mlango mmoja, funguo nyingi. Magunia ya msimu mzima yanastahili angalau kufuli mbili na watunzaji wawili wasiolala nyumba moja.

Kuhusu moto, Soko Kuu la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021, na kila mwenye jengo alipata la kufikiri. Aliye ndani atoke bila kutafuta ufunguo wowote. Aliye nje anayekuja kuokoa aupate ufunguo mkuu upesi, nao usiwe umefungiwa ndani ya jengo linaloungua.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na ufunguo ni mali: tarehe, jina, sahihi, na siku ya kurudishwa. Mpangaji akiondoka, kiini cha mlango wake hubadilishwa. Ufunguo mkuu ukipotea, hubadilishwa viini vya milango yote iliyo chini yake, na gharama hiyo yafaa ijulikane kabla ya kuuchonga. Mwisho kuna nondo zilizoachwa zikichomoza juu ya nguzo, kama ilivyo desturi ya wajengao kwa awamu. Ghorofa nyingine inakuja, mwenyewe akijaliwa mavuno mema. Katika lile jedwali la matawi 16, matatu tu ndiyo yaliyojazwa.