Mama, Ukilala Yanapungua?

Karagita mgongo unamuuma kila mtu, au ndivyo tunavyoambiana. Kutwa watu wameinama kwenye mashamba ya maua kando ya Ziwa Naivasha, na jirani akilalamika jibu liko tayari: pole, ni kazi. Ananunua dawa za maumivu, kesho alfajiri yuko barabarani tena.

Mama mmoja wa ploti yetu alipewa pole hizo miezi mingi, hadi ikabainika ana mailoma, saratani ya uboho. Ugonjwa huu huchochea mfupa kuliwa upesi kuliko unavyojengwa, na pingili za mgongo huathirika sana. Eksirei inaweza isionyeshe kitu hadi mfupa upoteze karibu thuluthi ya madini yake.

Nilimsindikiza kliniki. Daktari alitaka kwanza kujua kama uti wa mgongo bado unaweza kuubeba mwili. Wataalamu walichapisha kipimo cha kazi hiyo mwaka 2010, chenye alama 0 hadi 18: hadi 6 mgongo ni imara, 7 hadi 12 una mashaka, 13 kwenda juu si imara. Picha hueleza pingili iko wapi, imeliwa na kubonyea kiasi gani, mgongo umepinda au la. Lakini alama 3 hutoka kinywani mwa mgonjwa.

"Mama, ukisimama yanazidi? Ukilala yanapungua?"

Kisha akanyamaza, akamsubiri.

Swali hilo halitambui saratani. Hata mgongo uliochoshwa na kazi hutulia ukilala. Kilichonigusa ni kwamba maumivu yake yalihesabiwa pamoja na picha. Pole yetu ilikuwa ya upendo wa kweli, ila ilimaliza mazungumzo. Hakuna aliyemuuliza kama mgongo unauma hata siku za mapumziko, wala mbona anachoka na kupauka hivyo.

Alama zikifika 7, daktari wa upasuaji aitwe atoe maoni. Hilo halimaanishi kisu: kwa mailoma, dawa, mionzi na mkanda wa mgongo huwasaidia wengi. Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret, ina mpango wa kuwahudumia wagonjwa hawa.

Ila miguu ikilegea, ganzi ikipanda au mkojo ukigoma, ni hospitali siku hiyo hiyo. Tena asipakiwe kwenye bodaboda. Tafuteni gari, alazwe chali, na dereva aende polepole kwenye matuta.