Kutoka Mombasa Hadi Malindi kwa Baiskeli, na Mkono Unaotetemeka



Ndugu zangu wasomaji, kina mama na kina baba, njia ya kutoka Mombasa kwenda Malindi naijua tangu utotoni. Ni karibu kilomita 120, na nimeipita kwa basi, kwa matatu, na mara moja juu ya lori la makuti. Mwezi wa Agosti mwaka jana niliipita kwa baiskeli, nikiwa na umri wa miaka 56 na mkono wa kulia unaotetemeka kwa maradhi yaitwayo Parkinson. Siandiki kwa kujisifu, kwani hatuna hila wala nguvu ila kwa Mwenyezi Mungu. Naandika kwa sababu njiani nilifunzwa jambo lililonihusu mimi, na huenda likaihusu nyumba yako pia.

Aliyetangulia kuyaona maradhi yangu si daktari, ni mamake watoto. Alhamisi moja jioni alifukiza udi kama ilivyo ada yake, nyumba ikajaa moshi, nami nikamuuliza mbona leo hakufukiza. Alinitazama asiseme neno. Baadaye akaona kwamba nikitembea mkono wangu wa kulia hauendi mbele na nyuma kama mwenzake, umening'inia tu. Kisha wanafunzi wa madrasa wakalalamika kwamba maandishi yangu ubaoni huanza makubwa na kumalizika madogo kama sisimizi. Mwisho wa yote ndipo kidole gumba kilipoanza kutetemeka juu ya msahafu.

Wapo walioniambia ni husda, na wapo walioniambia ni jini. Nilisomewa, na kwa hilo sijuti, kwani Qur'ani ni shifaa. Ninalojutia ni kwamba nilitosheka na hilo kwa miaka miwili, ilhali Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kutafuta dawa. Nilipokwenda kwa daktari, alinieleza kwamba ndani ya ubongo mna chembe zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kwenda kwa wepesi na mpango. Katika maradhi haya chembe hizo hufa polepole. Mwili huwa mzito, viungo hukakamaa, sauti hufifia, na mkono hutetemeka hasa ukiwa umetulia. Tabibu Mwingereza, James Parkinson, aliyaeleza katika kitabu kidogo mwaka 1817, na kwa hivyo yakaitwa kwa jina lake. Lakini karne nyingi kabla yake, Ibn Sina alikwisha kuandika juu ya ra'sha, yaani kutetemeka, katika kitabu chake cha tiba. Dawa iliyo mashuhuri ni levodopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini. Haiyaondoi maradhi, ila humpa mgonjwa saa kadhaa za nafuu, kisha hutaka kumezwa tena.

Baada ya kuyajua hayo, nikafanya kosa la pili: nikaficha. Mkono niliutia mfukoni mwa kanzu. Kahawa nikaacha kunywa mbele za watu. Mialiko ya harusi nikatafutia udhuru. Dada yangu mkubwa, aliyenilea baada ya mama yetu kufariki, anaishi Malindi, na kwa muda wa miaka mitatu sikwenda kumzuru. Alipopiga simu nilimjibu maneno mafupi, kwa kuwa sauti yangu ilikuwa imefifia na sikutaka aigundue. Nikijiambia kwamba namwondolea wasiwasi.

Baiskeli iliingia katika mambo haya kwa njia isiyotarajiwa. Asubuhi moja nilitaka kutoka nyumbani kwenda madrasa, na nilipofika mlangoni miguu iliganda. Wenye maradhi haya wanaijua hali hiyo: nyayo hushika sakafu kana kwamba zimegundishwa, na kizingiti cha inchi mbili huwa kama ukuta. Mwanangu alinishika mkono akanivusha. Nje ilikuwako baiskeli yake imeegemea ukuta. Sijui ni kitu gani kilichonituma, lakini nilimwambia anishikie niipande. Nikaipanda, nikapiga pedeli, nikaenda hadi mwisho wa mtaa na kurudi, bila kuganda hata mara moja. Mamake watoto alikuwa dirishani. Aliniambia baadaye kwamba alilia kwanza, kisha akacheka.

Nilipomsimulia daktari hakustaajabu. Alinieleza kwamba huko Nijmegen, nchini Uholanzi, tabibu Bastiaan Bloem aliwahi kumwona mgonjwa wa miaka 58 asiyeweza kutembea hatua chache bila kuanguka, lakini aliyeendesha baiskeli vizuri kabisa. Habari hiyo ilichapishwa katika jarida la tiba mwaka 2010. Huko Marekani nako, mwaka 2003, mtafiti Jay Alberts alivuka jimbo la Iowa kwa baiskeli ya viti viwili pamoja na mwanamke mwenye Parkinson, na mwanamke huyo akaona mwandiko wake umetengenea. Alberts na wenzake waliendelea kulichunguza jambo hilo. Katika jaribio dogo la wagonjwa 10 kwa majuma 8, waliosaidiwa kupiga pedeli kwa kasi kupita waliyoizoea walipata nafuu katika mwendo wa mwili. Daktari akanionya kwamba hiyo si tiba ya kuyaondoa maradhi, na kwamba hatari kubwa ya baiskeli kwa mtu kama mimi ni pale pa kupanda na pa kushuka. Basi tukawekeana masharti: nisiende peke yangu, nivae kofia ngumu na kizibao cha kung'ara, na nisikose dawa kwa wakati wake.

Nilianza baada ya swala ya alfajiri, ufuoni kwa Mama Ngina, kilomita tatu tu. Wavuvi walinitania kwamba sheikh amerudi utotoni. Mwezi wa pili nikavuka daraja la Nyali. Mwezi wa nne nikafika Mtwapa na kurudi. Ndipo nilipomwambia mwanangu, "Twende Malindi kwa shangazi yako." Tukachagua Agosti, mvua za masika zimekwisha, na upepo wa kusi unavuma kutoka kusini kwenda kaskazini. Manahodha wa zamani walijua kwamba msafiri mwenye busara huondoka na upepo wake.

Tuliondoka saa kumi na mbili, mwanangu nyuma yangu ili ayazuie magari. Kongowea malori ya mboga yalikuwa yakishusha mizigo. Tukapita Bamburi na Shanzu, tukavuka daraja la Mtwapa maji yakiwa yamejaa hadi kwenye mikoko. Baada ya Kikambala msongamano hupungua, na ukifika Vipingo mashamba ya mkonge hunyooka safu kwa safu, na mibuyu imesimama katikati kama wazee walioachwa kulinda. Nilikuwa na furaha ambayo sikuionja kwa miaka, na furaha hiyo ikanighafilisha. Saa nne simu ililia kunikumbusha dawa. Nikasema moyoni, nimalize kwanza mlima huu. Nikamaliza ule, nikaanza mwingine.

Dawa ikaniishia mwilini. Nilimwita mwanangu aje anishike nishuke, na miguu ilipogusa ardhi iliganda. Mwili wote ukatetemeka, nikaketi chini kando ya barabara, kofia imeniinama. Kulikuwa na mama akiuza madafu chini ya mwembe. Kijana mmoja aliyekuwa akinywa dafu akasema kwa sauti kwamba mzee huyu amelewa. Ndugu zangu, neno hilo lilinichoma kuliko jua. Nimesomesha kwa miaka zaidi ya thelathini, na sijapata kuionja tembo hata kwa ulimi.

Hapo sikuwa na mfuko wa kutia mkono. Nikasema, "Sikulewa, mwanangu. Nina maradhi yaitwayo Parkinson. Nimechelewa kumeza dawa." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyataja mbele za watu nisiowajua. Kijana akaomba radhi. Yule mama akaja na maji, akanikinga jua kwa leso yake hadi nilipomeza. Kisha akaniuliza, "Baba, umeyaitaje hayo maradhi?" Nikamtajia tena. Akayarudia jina polepole, akasema, "Babangu alitetemeka hivyo hivyo miaka sita. Tulisema karogwa, na jirani mmoja alituhumiwa hata akahama. Amekufa hatujui jina la maradhi yake."

Nilikaa pale karibu saa nzima nikingoja dawa ifanye kazi, na maneno hayo yalinizunguka kichwani. Jirani alipoteza nyumba yake na mzee alizikwa na tuhuma, kwa sababu ya jina moja ambalo hakuna aliyelisema. Mimi nilikuwa nalijua jina hilo, nina mimbari na nina darasa, nami nimelificha mfukoni.

Adhuhuri tulikunja kulia kuteremka Takaungu, mji ambao Mazrui walihamia baada ya kuondolewa Mombasa mwaka 1837. Jamaa zetu wa huko walitupokea kwa wali na samaki wa kupaka. Kwa kuwa nia yetu ilikuwa Malindi, safari iliyozidi marhala mbili, tuliswali adhuhuri na laasiri kwa kukusanya na kupunguza, nami nikiwa juu ya kiti. Dini yetu haikumfanya mgonjwa aone aibu. Imempa rukhsa aswali kwa kukaa, na asipoweza, aswali kwa kulala. Aibu tumeitia sisi.

Asubuhi ya pili tulilipita Mnarani na magofu yake, tukavuka daraja la Kilifi. Pale juu simama uangalie: chini maji ya kijani kibichi, mashua zimefunga, na upande wa kulia bahari kuu. Tukapita Tezo na Matsangoni, kisha msitu wa Arabuko-Sokoke ukatukalia upande wa kushoto kwa kilomita nyingi, una kivuli na sauti za ndege. Kusi ilikuwa mgongoni na baiskeli ilikwenda kama inayosukumwa kwa kiganja. Safari hii simu ilipolia, nilisimama palepale. Tulipofika njia panda ya Gede niliufikiria ule mji uliohamwa karne nyingi zilizopita, misikiti yake na kuta zake zikabaki na miti.

Nyumba ya dada yangu si mbali na Msikiti wa Juma wa Malindi. Alifungua mlango akaniona nimesimama na kofia ngumu kichwani, vumbi hadi kwenye ndevu, mkono unatetemeka waziwazi. Sikuuficha. Nikamwambia, "Dada, mimi ni mgonjwa. Nimekuwa mgonjwa miaka minne." Aliushika ule mkono kwa mikono yake miwili, akanyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Ndugu yangu, mimi nilidhani nimekukosea. Kwenye ile harusi ulinitazama uso umekukauka, hukucheka nami. Miaka mitatu najiuliza ni neno gani nililokwambia."

Uso kukakamaa ni katika dalili za maradhi haya. Misuli haitii, mtu akawa anacheka moyoni na usoni hana dalili. Dada yangu hakulijua hilo kwa kuwa sikumwambia. Nilidhani nimemwondolea wasiwasi, kumbe nilimtwika mzigo mkubwa zaidi, na nilikata udugu huku nikijihesabu mwenye subira. Nabii Ayyub (a.s.) alisubiri, lakini hakuficha: alimlalamikia Mola wake, na mkewe alijua hali yake.

Tulirudi Mombasa kwa basi, baiskeli zikiwa juu. Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, niliomba ruhusa ya dakika tano nikawaeleza waumini maradhi yangu kwa jina lake. Waumini watatu walinifuata nje, kila mmoja na habari ya mzee wa nyumbani kwake.

Basi nawausia, hasa nyinyi kina mama ambao ndio mnaoona kwanza. Mkiona mtu hasikii harufu, mkono haubembei, mwandiko umedogoka, uso umekauka, au hatua zimekuwa fupi, msingoje mkono utetemeke. Mpelekeni kwa daktari. Dawa imezwe kwa saa yake, na mwezi wa Ramadhani uliza daktari na mwanachuoni kabla ya kufunga. Upupu wetu huu unaowasha una levodopa ndani ya mbegu zake, lakini kipimo chake hakijulikani, msimpikie mgonjwa. Mazoezi yamfaa kila mwenye maradhi haya kwa kadiri yake. Si lazima iwe Malindi, si lazima iwe baiskeli, kutembea uani pia ni mwendo. Na asiachwe mtu chumbani kwa kuonewa haya.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape nguvu wanaowauguza, na aunge udugu wetu uliolegea. Kusi ijayo, in shaa Allah, dada yangu ameahidi kunipikia mkate wa sinia, kwa sharti nifike kwa baiskeli.

Wabillahi tawfiq.