Bosi Aliyeitwa Mama

Jamani, Ida Lupino alikuwa moto! Mzaliwa wa London huyu alikwenda Hollywood kuigiza. Mwaka 1949 mwongozaji wa filamu ya Not Wanted alipougua moyo, Ida akashika usukani, na jina lake kama mwongozaji hakuliweka. Filamu ilimhusu binti aliyezaa bila ndoa. Mwaka 1950 akaja na Outrage, ya binti aliyebakwa, tena enzi ambazo studio kubwa zilikwepa mambo hayo. The Hitch-Hiker ikafuata mwaka 1953. Kwenye televisheni aliongoza vipindi kibao, kikiwemo kimoja cha The Twilight Zone mwaka 1964, mwanamke pekee katika mfululizo ule wa awali.

Sasa utamu uko hapa. Kiti chake cha kazi kiliandikwa "Mama Yetu Sote", na mafundi hakuwaamrisha, aliwabembeleza kimama. Mashoga zangu wanasema huo ni ujanja wa mjini. Mimi inaniuma. Mwanamume gani alilazimika kuwa baba wa mafundi ndipo kamera isogezwe?

Lakini nami nikipeleka makala naitwa "mdogo wangu" kabla haijasomwa hata mstari mmoja. Nacheka, naitikia "shikamoo kaka". Makala inatoka.