Jina la Mtunzi



Kwa miaka mingi sisi wanashirika wa Baraka tuliamini kwamba wimbo hauna mwenyewe. Nyavu zina mwenyewe, mtumbwi una mwenyewe, ndagala walioanikwa mchangani wana mwenyewe. Lakini wimbo, tulisema, ni wa Mungu, na kilicho cha Mungu ni cha wote. Neno hilo lilikuwa na sura ya uchaji. Ndani yake tulificha deni.

Tuna katekista mzee aliyetunga nyimbo nyingi kwa Kibembe na kwa Kiswahili. Vita vya mwaka 1996 vilipotuvusha ziwa hadi kambi ya Nyarugusu, upande wa Tanzania, tuliacha karibu kila kitu, ila nyimbo zake tulivuka nazo. Kwa nyimbo hizo tulizika wafu wetu na kubatiza watoto wetu. Tuliporudi nyumbani tulizirekodi katika chumba kilichozungushiwa magodoro, tukaziuza sokoni katika kadi za simu, na fedha yake ikanunua mabati ya kikanisa chetu. Juu ya bahasha tuliandika jina la kwaya. Jina lake hatukuliandika, wala hatukumpa chochote. Alipougua tulimchangia dawa, tukajihesabu kuwa wakarimu.

Mwaka uliopita vijana wawili wa parokia walituomba msaada wa kuanzisha kampuni ndogo ya kurekodi wanamuziki wa Fizi. Walichohitaji ni kompyuta moja, maikrofoni mbili, umeme wa jua na daftari la mikataba. Baadhi yetu tulisita. Tuliuliza kama watarekodi pia nyimbo za vilabuni. Walijibu kwa heshima kwamba watamrekodi kila mwenye kipaji, na kwamba kila mmoja ataandikwa jina lake na kupewa sehemu yake. Kisha mmoja wao akauliza kwa sauti ya chini: “Wazee wetu, kwa mabati yale ya kikanisa, mtunzi alipata nini?” Hatukuwa na jibu.

Ndipo tulipoanza kutafuta habari za waliotangulia katika kazi hiyo. Mwaka 1948, mjini Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa, mfanyabiashara Mgiriki Nicolas Jéronimidis alianzisha kampuni ya santuri iitwayo Ngoma. Kwa kampuni hiyo Wendo Kolosoy, pamoja na mpiga gitaa Henri Bowane, alirekodi “Marie-Louise”, wimbo uliovuka mipaka ya nchi. Tunawashukuru watu wa namna hiyo, kwa kuwa bila wao sauti nyingi zingepotea. Hata hivyo, mashine na duka vilikuwa vya mfanyabiashara, si vya mwimbaji.

Ndani ya Kanisa pia hatukosi mfano. Mwaka 1958, huko Kamina, Padri Guido Haazen na kwaya yake ya wavulana na walimu walitoa Missa Luba, misa iliyosikika hadi Ulaya na Marekani. Nyimbo zake kwa sehemu kubwa zilichipuka vinywani mwa waimbaji wenyewe. Lakini jina linalotajwa kwanza ulimwenguni ni la padri. Hatulisemi hili ili kumhukumu marehemu. Tunalisema kwa sababu tumejiona humo kama katika kioo.

Mfano mwingine ulitutia moyo. Mwaka 2007, jijini Nairobi, Tabu Osusa alianzisha Ketebul Music. Neno hilo kwa Kijaluo ni fimbo ya kupigia ngoma. Taasisi hiyo haikuundwa kwa ajili ya kutafuta faida. Pamoja na kuwarekodi vijana, iliwafuata wanamuziki wakongwe waliokuwa wakisahauliwa, na mwaka 2008 ikatoa mkusanyo juu ya historia ya benga: santuri, filamu na kitabu, ili msikilizaji ajue ni nani aliyepiga, na alitoka wapi. Hapo tulielewa kwamba kuanzisha kampuni ya namna hiyo ni kazi ya haki kabla ya kuwa kazi ya sanaa.

Mafundisho tulikuwa nayo siku zote. Mtume Yakobo aliwaonya matajiri juu ya ujira uliozuiwa. Papa Leo wa XIII, katika waraka wake wa mwaka 1891, alifundisha kwamba kumnyima mfanyakazi ujira wake ni kosa zito. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 5 Aprili 1986 nayo inalinda haki ya mtunzi. Sisi tulidhani maneno hayo yanamhusu mwenye shamba na mwenye kiwanda. Hatukudhani yanaihusu kwaya.

Basi tulikwenda kwa katekista wetu tukiwa na fedha tuliyoweza kukusanya, na tukamwambia wazi kwamba hiyo si sadaka, ni malipo yaliyochelewa. Aliipokea kwa mikono miwili. Tukafungua daftari la wale vijana, tukamwomba ataje nyimbo zake moja baada ya nyingine ili tuziandike kwa jina lake.

Tulipofika kwenye ule wimbo wa mazishi ambao kila mtu hapa anaujua, alituzuia. “Huo si wangu,” alisema. “Uliimbwa na mama mmoja kule kambini, siku alipomzika mwanawe. Mimi niliusikia nikawafundisha ninyi. Andikeni jina lake.” Akalitaja. Wengi wetu tulikuwa tumelisahau. Tuliliandika, na sasa tunawatafuta wazao wake.

Wale vijana tumewapa chumba kimoja cha shirika kiwe studio yao. Nanyi ndugu, mnapokutana wiki hii katika mashirika yenu, tunawaomba mjiulize: Nyimbo tunazoziimba zilitungwa na nani? Tuna deni gani kwake, na kwa watoto wake?