Hukumu ya Wanafunzi Watano

Killing Mr. Griffin (1978), riwaya ya Mmarekani Lois Duncan, husomwa na vijana kwa sababu ya taharuki yake, na taharuki kweli imo. Wanafunzi watano wa shule ya upili jimboni New Mexico wanamteka mwalimu wao wa Kiingereza, mtu mkali asiyepokea kazi iliyochelewa. Azma yao ni kumtisha tu. Kumbe mwalimu ana maradhi ya moyo. Wanamwacha nyikani amefungwa, bila dawa yake, naye anafariki. Tangu hapo siri inazaa siri.

Hata hivyo, uzito wa riwaya hauko katika kifo chenyewe. Uko nyumbani kwa Griffin, ambako Duncan anamwingiza msomaji kabla ya utekaji: mke mjamzito, na mume anayewadai wanafunzi mengi kwa kuwa anaamini wanayaweza. Watano hao hawayajui hayo. Wanamjua wa darasani tu.

Mark, kiongozi wao, ana kisasi. Lakini Susan, mwanafunzi bora na mpweke, ndiye anayetisha zaidi. Anakubali kumchelewesha mwalimu shuleni ili wenzake wamvizie, na anachotamani hasa ni marafiki.